Malenia hashindwi kwa nguvu

Haya wasomaji wangu, leo tuziache seva na hifadhidata zipumzike kidogo, tuzungumze gemu. Wapo watakaoguna: mtu mzima na gemu! Wagune tu, lakini wasome. Ninayotaka kusema yanahusu jinsi programu inavyofanya maamuzi, na jinsi mtu anavyoweza kuisoma bila kuona hata mstari mmoja wa msimbo wake.

Tangu Elden Ring itoke, swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaocheza ni hili: "Kaka, huyu Malenia anapigwaje?" Na lipo jibu linalozunguka kila mahali mtandaoni: ongeza levo, tafuta upanga unaomtoa adui damu, ita msaidizi, kisha bonyeza kitufe cha kupiga mpaka mmoja wenu aanguke. Mimi nalipinga jibu hilo. Suala la kama ni aibu kushinda namna hiyo nitalifikia baadaye. Ninachosema sasa ni kwamba kwa adui huyu mmoja, ushauri huo ni mbovu kihandisi.

Kwa wale wasiocheza, maelezo mafupi. Elden Ring imetengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na ilitoka tarehe 25 Februari 2022. George R. R. Martin, yule wa vitabu vilivyozaa tamthilia ya Game of Thrones, alisaidia kuandika historia ya ulimwengu wake. Unajenga mhusika wako, unamwongezea nguvu na silaha, unazunguka nchi kubwa iliyoharibika, na kila baada ya muda unakutana na bosi. Bosi hapa si yule wa ofisini (ingawa wapo wanaofanana). Ni adui mkubwa anayekaa mwisho wa eneo, na usipomshinda mambo yake hayaishi.

Malenia ni bosi wa hiari. Unaweza kumaliza hadithi yote bila kumwona. Ili umfikie lazima utafute vipande viwili vya medali ya siri, upande lifti ya Rold, uvuke uwanja wa theluji, kisha uteremke mti wa Haligtree mpaka chini kabisa, mahali panapoitwa Elphael. Maana yake hakuna aliyemfikia kwa bahati mbaya. Ukimkuta, ujue umemtafuta mwenyewe, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwaka 2023 Bandai Namco, wachapishaji wa gemu hii, walitoa takwimu zao: Malenia alikuwa amekabiliwa mara milioni 329, kuliko bosi mwingine yeyote ndani ya gemu. Kwa bosi ambaye mtu anaweza kumpita bila kumgusa, hiyo ni hesabu ya ajabu.

Sasa, ugumu wake uko wapi?

Watu husema ni kasi. Kasi anayo, sawa, lakini gemu hii ina maadui wengi wenye kasi. Ugumu wake uko katika kanuni moja ndogo ambayo mtengenezaji programu angeiandika kwa mistari michache tu: kila upanga wake unapokugusa, uhai wake unaongezeka. Kila mara. Hata ukikinga kwa ngao na usiumie hata chembe, yeye anapona. Hata akimgusa msaidizi uliyemwita, anapona.

Tulia na kanuni hiyo kabla hujafikiria silaha yoyote. Katika awamu ya kwanza ana uhai zaidi ya 18,000. Ukimmaliza anainuka tena kwa awamu ya pili akiwa na kama asilimia 80 ya ule wa kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, kila pigo lako linamkata 500 na kila akikugusa anajirudishia 400. Ukimpiga mara moja na yeye akakugusa mara moja, faida yako ni 100. Akikugusa mara mbili, umeanza kumlisha. Na yeye hukugusa mara tatu nne mfululizo, kwa sababu mapigo yake huja kwa mkupuo. Kwa maadui wengine, kubadilishana mapigo ni biashara ya kawaida: unaumia, unakunywa dawa, mnaendelea. Kwa Malenia unakunywa dawa ukabaki na chupa moja pungufu, naye amerudi alikokuwa dakika moja iliyopita.

Ndiyo maana nasema hashindwi kwa nguvu. Kipimo cha mbinu yoyote dhidi yake ni kimoja: je, inapunguza idadi ya mara anazogusa kitu? Swali la inamuumiza kiasi gani linakuja la pili.

Chukua ngao kubwa. Mchezaji wa kawaida akizidiwa hukimbilia ngao, na kwingineko inamfaa sana. Hapa inamnenepesha adui. Najua kuna watu wamemshinda wakiwa nyuma ya ngao nzito huku wakimdunga kwa kisu chembamba kinachomtoa damu haraka, na sina ubishi nao. Lakini fungua hesabu yao: wameshinda kwa sababu mapigo yao ya damu yalimkata zaidi ya alichojirudishia. Ukishika ngao bila hesabu hiyo, utakaa pale mpaka stamina iishe na mstari wake wa uhai umejaa pomoni.

Au chukua Mimic Tear, yule msaidizi anayeiga mhusika wako, silaha na nguo kwa nguo. Wengi wanamwona dawa ya kila ugonjwa, ingawa alipunguzwa makali katika sasisho la 1.03 la Machi 2022. Tatizo lake kwa Malenia ni kwamba ana uhai mwingi na hakwepi vizuri. Yaani umemletea adui gunia la chakula. Mimi ningemwita Black Knife Tiche. Huyu huruka huku na kule, haguswi ovyo, na upanga wake una shambulizi linalopunguza kwa muda kiwango cha juu cha uhai wa adui. Umeona tofauti? Msaidizi mmoja ni mgumu, mwingine ni mwepesi, na kanuni ya Malenia inamtaka mwepesi.

Hapo ndipo tuingie kwenye suala la aibu, maana nimeona vijana wakitukanana kwa sababu yake. Kuna kundi linalosema ukiita msaidizi hujashinda kweli. Mimi sioni mantiki. Msaidizi amewekwa ndani ya gemu na wenye gemu, hajaibwa popote. Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema "tumia chochote, ushindi ni ushindi", kwa sababu wengi wao wanamtumia Mimic kwa Malenia mara arobaini bila kujiuliza kwa nini mstari wa uhai wa bosi unapanda. Mjadala wa heshima umefunika mjadala wa maana zaidi, yaani kama chombo ulichoshika kinafanya kazi kwenye tatizo lililo mbele yako.

Sasa nije kwenye kile ninachokijua vizuri zaidi, yaani programu.

Bosi wa gemu, ukimvua ngozi na nywele ndefu nyekundu, ni mashine ya hali. Wanaosoma kompyuta wanalijua jambo hili kutoka mwaka wa kwanza: kitu kiko katika hali moja kwa wakati mmoja, na kuna masharti yanayokitoa hali hii kwenda hali ile. Malenia anatembea taratibu. Hiyo ni hali. Umemkaribia, sharti limetimia, anaingia hali ya kufyeka. Kila hali ya shambulizi ina sehemu tatu: maandalizi, pigo lenyewe, na kupumua baada ya pigo. Maandalizi ndiyo ujumbe wake kwako. Kupumua ndiyo nafasi yako. Hapo katikati huna biashara.

Anayekufa mara mia kwa Malenia huwa anamtazama kama dhoruba, kitu kimoja kikubwa chenye hasira. Hebu mtenganishe. Chukua daftari, kweli kabisa, la karatasi, na kila ukifa andika kilichokuua. Si "kasi", si "bahati mbaya". Andika: mkupuo wa mapigo unaoanza akiuinua upanga bega la kulia. Andika: teke lililofuatwa na kuruka. Baada ya vifo ishirini utaona kwamba vitu viwili au vitatu vinabeba karibu vifo vyote, kama vile hitilafu mbili tatu zinavyozalisha malalamiko mengi ya wateja. Basi ingia ukashughulikie kimoja tu. Usimpige hata mara moja. Kaa naye uwanjani, mwachie achoke kukufukuza, jifunze kukwepa kile kimoja mpaka mkono ufanye kabla akili haijaagiza. Ukifa, hakuna kilichopotea, hukuja kushinda siku hiyo.

Jambo lingine: maadui wengi wa gemu hii wamepangwa waitikie pale unapoanza kunywa dawa. Wanaona umefungua chupa, wanakurukia. Wachezaji wanauita wizi. Mimi nauita sharti kama masharti mengine, na sharti unalolijua unaweza kulitumia. Usinywe kwa sababu umeumia. Kunywa akiwa katikati ya hali asiyoweza kutoka, yaani akiwa anapumua baada ya mkupuo mrefu. Ni nafasi ileile ambayo ungeitumia kumpiga. Chagua moja.

Na kupiga kwenyewe? Habari njema ni kwamba Malenia si mzito. Silaha kubwa, hasa pigo la kuruka, humyumbisha kirahisi, na aliyeyumba hapigi, na asiyepiga haponi. Unaona tunarudi palepale. Kutokwa damu kunamfaa adui huyu pia, kwa sababu damu ikifika kipimo chake inakata kwa asilimia ya uhai wote, si kwa nambari ndogo isiyobadilika. Baridi nayo ni hivyohivyo, na juu ya hapo humfanya aumie zaidi kwa muda. Ujanja ambao wengi hawaujui: moto hufuta athari ya baridi, kwa hiyo ukimchoma kidogo unaweza kuanza kumgandisha upya. Levo? Ongeza Vigor mpaka 50 au 60 ili mkupuo mmoja usikumalize, kisha uache kuhangaika na levo. Vaa nguo zisizopita asilimia 70 ya mzigo unaoruhusiwa, la sivyo kujiviringisha kwako kutakuwa kwa kiboko.

Kidogo kuhusu vyombo, maana hili linatugusa huku kwetu. Kujiviringisha kunakukinga kwa muda usiofika nusu sekunde. Mchezo wote wa Malenia unaishi ndani ya kipande hicho. Sasa gemu yenyewe, kwenye kompyuta, inataka angalau RAM ya GB 12, kadi ya picha ya kiwango cha GTX 1060 yenye GB 3, na nafasi ya GB 60. Nyingi ya zile laptopu za ex-UK tunazonunua mjini hazina kadi ya picha kabisa. Zitaifungua, labda, na fremu zitakuwa zinakwama, na wewe utadhani vidole vyako ni vizito. Si vidole. Punguza vivuli na nyasi mpaka fremu zitulie, maana picha mbaya inayotembea sawasawa ni bora kuliko picha nzuri inayoruka. Na kwa wanaocheza kwenye televisheni: ingia kwenye mipangilio utafute hali ya gemu uiwashe. Bila hiyo, televisheni nyingi huchukua muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, na muda huo unakatwa kwenye ile nusu sekunde yako. Nimeona mtu akikata tamaa na Malenia kumbe anapigana na televisheni ya sebuleni.

Nimekwepa kulitaja lile jambo muda wote huu. Haya, tulitaje.

Waterfowl Dance. Kwa Kiswahili tungesema ngoma ya ndege wa majini. Uhai wake ukishashuka karibu na robo tatu, anaanza kuruka juu, anabaki ananing'inia hewani kwa kitambo kidogo akiwa na mguu mmoja umekunjwa, kisha anashuka kama pangaboi lililokatika dari. Mkupuo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kimkia cha mwisho. Ukiwa karibu naye bila mpango, umekwisha, na yeye amejaza uhai wake.

Njia inayofanya kazi ni hii. Ukiona ameruka na uko mbali kidogo, geuka ukimbie moja kwa moja, usijiviringishe. Mkupuo wa kwanza utaishia nyuma yako. Wa pili ukija, usirudi nyuma tena. Jiviringishe kuelekea kwake, upite chini yake, atatua nyuma yako. Wa tatu vivyo hivyo. Moyo utakataa, maana akili ya mtu inakimbia panga, haiendi kwenye panga. Ukiwa karibu sana alipoanza, achia kamera isimfunge, kisha umzunguke kwa kukimbia ukiwa umembana. Hilo ni gumu na linataka mazoezi. Au beba chungu cha barafu umrushie akiwa ananing'inia: baridi ikimshika pale, anayumba na ngoma inakatika. Lakini kila akigandishwa ukinzani wake wa baridi hupanda, kwa hiyo usiitegemee kama desturi. Itumie kununua muda, huku ukijifunza miguu.

Sasa niseme maoni yangu ambayo mashabiki hawatayapenda. Shambulizi hili, kwa jinsi lilivyo, lina kasoro ya ubunifu. Sisemi ni gumu mno. Nasema gemu haikufundishi. FromSoftware kwa kawaida ni walimu wazuri: Margit, bosi wa mwanzoni, anakufundisha kutojiviringisha mapema kwa kuchelewesha fimbo yake, na somo hilo linakufaa hadi mwisho. Ngoma ya Malenia haina somo lililotangulia. Huioni kwa adui mdogo, huipati kwa kasi ya chini. Na maandalizi yake hayasemi kukimbia kwanza halafu kwenda mbele; macho peke yake hayawezi kugundua hilo. Karibu kila mtu amelijua kwa kuambiwa na mtu mwingine. Kama ningekuwa ninakagua msimbo wa mwenzangu na nikaona kitu ambacho mtumiaji hawezi kukielewa bila kumpigia jirani simu, ningeurudisha.

Watetezi husema hiyo ndiyo raha yake, jamii nzima inajifunza pamoja. Pengine. Na hapa lazima nimtaje yule mchezaji wa mtandaoni aliyejiita Let Me Solo Her. Mwaka 2022 alikuwa anaingia katika gemu za watu wasiomjua, amevaa chungu kichwani na kitambaa kiunoni, panga mbili mikononi, anawaonyesha wasimame kando, kisha anampiga Malenia peke yake. Alimshinda zaidi ya mara elfu moja, na Bandai Namco wakamtumia upanga wa kweli kama zawadi. Watu wanamkumbuka kwa uchi wake. Mimi namkumbuka kwa sababu ni ushahidi wa hoja yangu: mtu asiye na nguo haikingi hata kidogo, hana ngao, hana gunia la chakula la kumletea adui. Alichonacho ni kutoguswa. Hata yeye alipata shida Aprili 2022, pale sasisho la 1.04 lilipoingiza hitilafu iliyomponya Malenia isivyostahili katika mchezo wa mtandaoni, mpaka likaja la 1.04.1 kurekebisha. Wenzangu mnaoandika programu mnaijua hiyo hali: unagusa kitu hapa, kinaanguka kule.

Awamu ya pili nitaipita haraka, kwa sababu ukifika pale umeshajifunza karibu yote. Anaanza kwa kupaa na kukuangukia na ua kubwa jekundu, Scarlet Aeonia. Kimbia mara tu uonapo anga inabadilika, kisha subiri ua lilipuke. Baada ya hapo anabaki humo kwa kitambo, na mwenye pinde au uchawi anapata karamu. Mwenye upanga aingie apige kidogo atoke, kwa sababu ua linaleta kuoza. Beba Preserving Boluses za kutosha. Baadaye hutuma vivuli vyake vikushambulie mfululizo. Hapo kukimbia kando ni bora kuliko kujiviringisha. Mengine ni yaleyale ya daftari lako.

Ukimshinda, utapata kumbukumbu yake, na ukiipeleka kwa Enia kule Roundtable Hold unaweza kuibadilisha kwa upanga wake mwenyewe, Hand of Malenia. Upanga huo una ujuzi mmoja ndani yake. Naam, ngoma ileile ya ndege wa majini. Hatimaye utaitazama kutoka upande wa pili, kwa kasi unayoitaka, mara ngapi unazotaka. Ila unahitaji Dexterity 48 kuushika, na nyinyi mliomshinda kwa rungu kubwa mtaishia kuutundika ukutani.